Ukomee Kwako



Hivi karibuni jirani yetu mmoja aliyakosa maziko ya shangazi yake. Tangazo lilitumwa tangu alfajiri katika kundi la simu la jamaa, lakini lilizama chini ya jumbe za aina moja: soma dua hii, uwapelekee watu kumi, na kabla ya magharibi utapata habari njema, ukiipuuza, ungojee msiba. Bibi huyo alikuwa amekwisha kuchoshwa na jumbe hizo, hata akaacha kulifungua kundi.

Mambo haya hayakuzaliwa na simu. Mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, iliingia pwani ya kusini mwa Tanzania ya leo barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, aliyetajwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ikionya kuwa Kiama ki karibu. Ilinakiliwa kwa mkono ikatembea mji hadi mji, hata watawala wa Lindi wakataharuki. Wasia huo wa Sheikh Ahmad ungali ukizunguka, ingawa marehemu Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, aliandika risala kuukadhibisha. Kilichobadilika ni kalamu tu.

Tuzingatie: thawabu na adhabu zi kwa Mwenyezi Mungu peke yake, wala hazigawiwi kwa hesabu ya watu tuliowatumia ujumbe. Nayo aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatufunza kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi.

Basi tufanyeje? Katika WhatsApp, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huwekwa alama ya mishale miwili. Tukiiona, tusite, na tusipojua maneno yametoka kwa nani, tusiyapeleke mbele. Msimamizi wa kundi anao uwezo wa kuufuta ujumbe kwa wote. Aufute, wala asimfedheheshe aliyeutuma mbele ya jamaa. Amwendee faragha kwa upole, kwani mara nyingi ni mama aliyetishika, akataka kuwakinga wanawe. Amtulize moyo kwamba hakuna msiba utakaomfika kwa sababu ya kuunyamazia.

Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, ukomee kwako, ili tangazo la maziko lipate kumfikia mwenye maiti wake.

Wallahu a'lam.