Ukienda kufanya kazi Ghuba, jua sheria za huko

Wasikilizaji wetu wengi wana ndugu aliyekwenda kufanya kazi Oman, Saudi Arabia au Falme za Kiarabu, au anayejiandaa kwenda. Tunawakumbusha jambo moja: kitu cha kawaida hapa kinaweza kumfunga mtu kule.

Chukua miraa. Kenya inauzwa sokoni, lakini nchi hizo tatu zinaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Vidonge vya maumivu vyenye tramadol au kodeini navyo vina masharti makali. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kuvibeba. Mtu akikupa mzigo umpelekee jamaa yake, ufungue uone kilichomo. Akikataa usifungue, mrudishie. Ukikamatwa nao uwanja wa ndege, utahesabiwa ni wako.

Mwezi wa Ramadhani, hata kama wewe si Mwislamu, usile wala kunywa hadharani mchana. Vaa nguo za kusitiri. Usimpige mtu picha bila ruhusa, wala usiweke mtandaoni picha za nyumba au watoto wa mwajiri.

Viza ya kazi huko imefungamana na mwajiri, kwa hiyo ukitoroka unaweza kuhesabiwa mkosaji hata kama umeonewa. Ukipata shida, kimbilia ubalozi. Kenya na Tanzania zina balozi Muscat, Riyadh na Abu Dhabi. Andika namba kwenye karatasi, maana simu inaweza kuchukuliwa, na nyumbani uache nakala ya pasipoti na mkataba.