Diski ya nje inagonga na haifunguki? Huenda inakosa umeme tu



Umechomeka diski ya nje kwenye laptopu ya kliniki. Taa yake ndogo inawaka. Unasikia mlio mdogo, tk, tk, tk, kisha kimya, kisha unaanza tena. Kompyuta haioni kitu. Ndani ya diski hiyo kuna orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu walio katikati ya dawa zao za miezi sita, rejesta ya chanjo za watoto, na ripoti ya mwezi ambayo bado haijatumwa. Wengi wakifika hapo husema, "Imekufa hii," kisha huitia mfukoni na kuipeleka mjini kwa fundi.

Kabla hujaipeleka, soma ukurasa huu mpaka mwisho. Mara nyingi diski ya namna hiyo haijafa. Inachokosa ni umeme wa kutosha kutoka kwenye tundu la USB, na tiba yake ni kebo. Lakini kuna jambo la pili ambalo kwetu ni zito kuliko bei ya diski. Ukimkabidhi fundi wa barabarani diski ya kliniki, umemkabidhi pia majina ya wagonjwa wako.

Tunazungumzia diski ipi?

Ni ile ndogo ya inchi 2.5, aina inayokaa ndani ya laptopu. Wengine huinunua dukani ikiwa tayari ndani ya kasha lake. Wengine, na hawa huku kwetu si wachache, huitoa katika laptopu iliyokufa na kuifunga kwenye kasha la bei nafuu lenye kebo ya USB. Karibu na chuo chochote, iwe hapa Nkoma penye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda tangu 1988, au kule Jinja, hukosi kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi ambacho mwenyewe atakufanyia kazi hiyo ukiwa umesimama. Ni njia nzuri ya kupata nafasi ya kuhifadhi mafaili kwa pesa kidogo. Kasoro yake ni kwamba anayekufungia kasha hakwambii diski hiyo inakula umeme kiasi gani.

Diski kubwa ya inchi 3.5, ile ya kompyuta ya mezani, ni habari nyingine. Hiyo inataka volti 12 pamoja na volti 5. Tundu la kawaida la USB linatoa volti 5, kwa hiyo diski hiyo haiwezi kuzunguka bila adapta yake ya ukutani. Usihangaike nayo.

Hesabu ya umeme

Tundu la USB 2.0, aina iliyotoka mwaka 2000 na ambayo bado imejaa katika kompyuta zetu kuukuu, kwa kanuni linatoa volti 5 na miliampea 500. Hizo ni wati 2.5. Tena haitoi zote mara moja. Kifaa kinapochomekwa kinaruhusiwa miliampea 100 kwanza, mpaka kijitambulishe kwa kompyuta na kuomba zaidi. Tundu la USB 3.0, lililokuja mwaka 2008, linafika miliampea 900, yaani wati 4.5. Mara nyingi utalijua kwa ulimi wake wa rangi ya buluu.

Sasa tazama upande wa diski. Ndani yake kuna mota inayozungusha sahani, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Kuzianzisha sahani hizo kutoka kwenye kusimama ndiko kunakokula umeme mwingi, kama ampea 1 hivi kwa sekunde chache. Ni kama kusukuma taksi iliyozimika katikati ya barabara: inahitaji watu wanne kuitikisa, lakini ikishaanza kubingirika wawili wanatosha. Diski nayo ikishapata mwendo hutosheka na nusu ampea au chini ya hapo wakati wa kusoma na kuandika.

Ampea 1 ni miliampea 1,000, na tundu linaahidi 500. Utauliza, basi zinafanyaje kazi? Jibu ni kwamba watengenezaji wengi wa kompyuta huacha tundu lipitishe zaidi kidogo ya kile kanuni inachosema kabla ya kulikata. Kwa hiyo diski ileile inawaka kwenye laptopu ya daktari na inagoma kwenye laptopu ya stoo ya dawa. Wafanyakazi wawili wanabishana, huyu anasema diski ni nzima, yule anasema mbovu, na wote wawili wanasema kweli.

Mlio unaousikia ni mota ikijaribu kufika mwendo wake. Umeme unashuka, saketi za diski zinajizima, zinawaka upya, mota inajaribu tena. Ukiiacha ifanye hivyo dakika kumi hujaisaidia.

Soma kibandiko kilicho mgongoni mwa diski yenyewe. Kimeandikwa kwa mfano 5V na 0.55A, au 5V na 1.0A. Zidisha: volti 5 mara ampea 0.55 ni wati 2.75; volti 5 mara ampea 1 ni wati 5. Hiyo ya pili usitegemee iwake kwenye tundu moja la zamani. Kumbuka pia kwamba kuna kasha zenye taa na saketi zinazokula sehemu yao kabla diski haijapata kitu.

Jaribu haya kwanza

Usiichomeke mara ya tano na ya sita kwenye tundu lilelile. Ikigonga mara mbili, chomoa. Kama ulipitia habu, yaani kile kisanduku cha kuongeza matundu, iondoe na uchomeke diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Habu isiyo na adapta yake inagawana miliampea zilezile 500, na kwa kanuni kila tundu lake linabaki na 100 tu. Kwa diski hiyo si chakula.

Kama ni kompyuta ya mezani, zunguka nyuma. Matundu ya nyuma yameungwa juu ya ubao mkuu wenyewe. Yale ya mbele yanapata umeme kupitia waya mwembamba uliopita ndani ya boksi, na hapo volti hupungua. Toa simu inayochajiwa, toa modemu, toa feni ya USB. (Ndiyo, tunazijua hizo feni. Mwezi Februari kila meza inayo.)

Kisha tazama kebo. Kebo ndefu na nyembamba hupoteza volti njiani, hata kama tundu ni zuri. Tumia fupi na nene, ikiwezekana ile iliyokuja na diski. Kebo nyingi za simu zimetengenezwa kwa kuchaji, na baadhi hazina kabisa nyuzi za kupitisha data.

Ikishindikana, tafuta kebo ya Y. Ina kichwa kimoja upande wa diski na vichwa viwili upande wa kompyuta. Kichwa kikuu hupitisha data na umeme, na cha pili huongeza umeme tu. Chomeka kwanza kile cha umeme, halafu kile cha data, vyote kwenye kompyuta ileile. Walioandika kanuni za USB hawaipendi kebo hii, lakini baadhi ya watengenezaji wa diski wameiweka wenyewe ndani ya boksi, na kwa mazingira yetu ndiyo dawa ya kwanza. Kichwa cha pili usikitie kwenye chaja ya simu. Chaja za bei rahisi hazitoi volti 5 zilizotulia, na katika kebo nyingine waya za vichwa viwili zimeungana, kwa hiyo umeme wa chaja unaweza kusukumwa kuingia ndani ya laptopu.

Habu yenye adapta, na umeme unaokatika

Vitabu vingi vitakushauri ununue habu yenye adapta yake ya ukutani. Ushauri huo ni mzuri mahali ambapo umeme haukatiki. Jinja wana mto wenyewe. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa 1954, na Bujagali likazinduliwa 2012. Hata hivyo mkaaji wa Jinja au Mbale hahitaji kuelezwa maana ya kukaa gizani, na wanaokumbuka 2005 na 2006, wakati maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka na umeme ukatolewa kwa zamu, wanajua zaidi. Kwenye makazi ya wakimbizi tunaishi kwa sola na jenereta.

Fikiria basi. Laptopu ina betri, habu haina. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kuwaka, lakini habu inazimika na diski inazimika nayo, labda katikati ya kuandika. Vichwa vya kusomea vinalazimika kurudi mahali pake kwa haraka, kwa nguvu ya sahani ambazo bado zinazunguka, na kurudi huko kwa dharura kunaichosha diski kuliko kuzimwa vizuri. Faili lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki nusu. Lakini diski inayokula kutoka kwenye laptopu inalindwa na betri ya laptopu hiyo, na stima ikienda haitajua.

Kwa hiyo maoni ya ukurasa huu ni tofauti na ya vitabu. Kliniki yenye laptopu itumie kebo ya Y. Ofisi yenye kompyuta ya mezani na UPS inaweza kutumia habu yenye adapta, mradi adapta hiyo nayo ichomekwe kwenye UPS. Ikichomekwe ukutani haisaidii kitu. Usinakili mafaili wakati jenereta inabadilishwa na sola, wala laptopu ikiwa imebakiwa na betri chini ya nusu. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna pia kipengele cha kulaza matundu ya USB ili kuokoa betri. Kizime siku ya kunakili.

Majina yaliyomo ndani

Turudi kwa fundi. Huenda ni kijana mwaminifu kabisa. Lakini ili ajue kama diski imepona lazima aifungue, na akiifungua ataona nani anatumia dawa za virusi vya ukimwi, na mama gani alikuja kliniki usiku baada ya kubakwa. Mkimbizi anaweza kuwa amekimbia watu wanaomtafuta mpaka leo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la taarifa za pekee zinazohitaji ulinzi zaidi, na kliniki yako imo chini ya sheria hiyo.

Nenda mjini na jina la kebo, diski iache kabatini. Kama fundi ni lazima, aje kliniki na afanye kazi mbele ya mtu wa takwimu. Na diski ifungwe kwa nenosiri tangu siku ya kwanza. Baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker, na VeraCrypt inapatikana bure. Nenosiri wawe nalo watu wawili wanaoaminika, maana likisahauliwa hakuna fundi wa kulifungua, si Mbale si Kampala.

Nakala ya pili ikae wapi?

Isikae katika chumba kilekile. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, upande huu wa Elgon, ukafunika senta ya Nametsi pamoja na kituo chake cha afya. Walionusurika walipelekwa kambi ya Bulucheke, na baadaye baadhi yao Kiryandongo. Usiku wa 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale na kuua watu. Miaka mingi kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2008, Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha nao wakahamishiwa Kiryandongo. Watu wakihamishwa kwa malori, mtoto anafika upande wa pili na kadi yake imelowa au imepotea, na muuguzi wa huko anataka kujua alichanjwa nini na lini. Diski iliyogoma siku hiyo ni sawa na diski isiyokuwapo. Kwa hiyo nakala ya pili ijaribiwe kila mwezi, na ijaribiwe kwenye kompyuta tofauti na ile iliyoiandika.

Ikiwaka, ufanye nini?

Diski ikifunguka baada ya kubadilisha tundu au kebo, usianze kupanga mafaili. Nakili kila kitu kwanza kwenye kompyuta, kisha itoe kwa njia salama na usubiri sahani zisimame kabla ya kuinyanyua. Ikiendelea kugonga hata kwa kebo ya Y kwenye tundu la buluu la kompyuta nzuri, hapo huenda kweli imeharibika ndani. Izime na uache kujaribu. Usiifungue kwa bisibisi, maana vumbi dogo tu juu ya sahani hukwaruza data, na usiitie kwenye friji ya chanjo hata kama kuna aliyekwambia inasaidia.

Kisha chukua kalamu ya wino mzito na uandike juu ya kasha: kebo gani, tundu gani, laptopu gani, na tarehe uliyoijaribu mara ya mwisho. Kebo ya Y ifunge kwenye kasha hilohilo kwa mpira, isije ikaondoka na simu ya mtu.