Mkungu Uliokatwa Haungoji: Mawese ya Rumonge na Mbio za Saa 24

Atokaye Bujumbura kwa barabara ya kusini, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kuume na milima mkono wa kushoto, hufika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 70. Hata asipoulizia, michikichi na harufu ya mafuta yanayochemshwa humwambia kuwa amefika. Hapa ndipo nyumbani kwa mawese ya Burundi: mengine huishia katika sufuria za maharagwe, mengine hugeuzwa kuwa sabuni.

Lakini mama anayenunua chupa yake sokoni ajua vizuri kwamba mawese si ya namna moja. Yako matamu, yenye wekundu safi. Na yako yanayokereketa koo, yenye uchachu puani, yanayoruka na kutoa povu yakitiwa motoni. Wengi hulaumu mti au mvua. Mara nyingi kosa si la mti hata kidogo, bali ni la siku zilizopita bure kati ya panga na mashine ya kukamulia.

Nyama ya chikichi ina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunjavunja mafuta. Tunda likiwa zima, viwili hivyo hukaa mbalimbali. Mkungu ukiangushwa, ukarushwa garini na kukaliwa juu, matunda hupondeka, kimeng'enya hukutana na mafuta, na asidi huanza kuongezeka saa ile ile. Katika biashara ya kimataifa mawese ghafi yatakiwa yasizidi asidi 5 kwa kila 100. Kiwanda kikubwa cha kusafishia chaweza kuiondoa asidi iliyozidi, ingawa sehemu ya mafuta hupotea pamoja nayo; jiko la kijijini haliwezi.

Ndiyo maana viwanda vikubwa hujitahidi kuipika mikungu ndani ya saa 24 baada ya kukatwa. Huifungia katika mitungi ya mvuke wenye joto la nyuzi zipatazo 140, kwa muda wa saa moja hivi. Mvuke huo huua kimeng'enya, na papo hapo hulegeza matunda yapate kuachana na mkungu.

Mkamuaji mdogo hana mitungi hiyo. Yeye huilundika mikungu, akaifunika, akangoja siku kadhaa mpaka matunda yaachie yenyewe. Tusiharakishe kumwita mvivu. Tumfikirie mama mwenye miti 30, naye mashine ni ya kukodi. Wiki hii amepata mikungu michache, na kuni za kuchemshia ni ghali. Aona afadhali angoje ya wiki ijayo, ajaze pipa, alipie mara moja. Tena mashamba mengine ya Rumonge ni madogo kwa sababu ya historia nzito: wengi walikimbia mwaka 1972, na waliporejea, baadhi ya mashamba yaligawanywa kati yao na wale waliowakuta humo. Nusu ya shamba haijazi pipa upesi.

Hesabu yake yaonekana sawa, lakini ina tundu, na tundu lenyewe limepata kuelezwa mbali sana na hapa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya magari ya Toyota huko Japani haikuwa na fedha za kujaza maghala. Mhandisi wake Taiichi Ohno aligeuza mwendo wa kazi: kila hatua ipokee kile tu inachohitaji, kwa wakati inaokihitaji, na hatua ya mbele ndiyo iiite ya nyuma. Maduka makubwa ya Marekani yalimpa mfano, maana humo rafu hujazwa kadiri wanunuzi wanavyoipunguza. Kwake, shehena inayongoja ilikuwa hasara, hata kama haiandikwi daftarini. Nami naongeza kwamba mlango wa gari ukilala ghalani siku tano ni mlango ule ule. Mkungu hauko hivyo.

Kwa mkamuaji wetu, jambo hilo lina maana nyepesi: zamu ya mashine ipatikane kwanza, ndipo panga lipande mtini. Majirani watatu wakikata siku moja, pipa hujaa bila mkungu wa mtu kulala wiki nzima. Mkungu ukipasuliwa vipande siku ile ile, matunda huachia mapema zaidi. Nayo yakishapukuchuliwa yatiwe motoni bila kukawia. Wala mbegu bora pekee haitoshi. Tenera, ambayo siri ya gamba lake jembamba ilifumbuliwa Yangambi, nchini Kongo, mwaka 1941, hutoa mafuta mengi kuliko dura; lakini ikilundikwa siku tano huchacha kama ndugu yake.

Ugumu uliobaki ni wa bei. Mnunuzi anayelipa kwa dumu tu, bila kuonja wala kunusa, humlipa sawasawa aliyekimbia na aliyengoja. Maadamu ni hivyo, simwoni mama wa miti 30 akibadili desturi yake kwa ajili ya maneno ya gazeti.

Nyumbani, tia kijiko cha mawese katika sufuria yenye moto. Yakitatarika sana, yana maji, na maji nayo huzidisha asidi. Yachemshe polepole mpaka sauti inyamaze. Kisha yatie katika chombo kikavu kisicho na kutu, kijae mpaka shingoni, kifunikwe, kiwekwe kivulini. Yaliyokwisha kuchacha usiyamwage: asidi hiyo hiyo inayokereketa koo hushikana upesi na magadi makali, nayo hufaa kabisa kwa sabuni ya kufulia.