Lektini: protini ya mbegu inayopunguza kasi ya kimeng'enya cha ubongo

Mbegu nyingi za jamii ya kunde zina protini ziitwazo lektini, ambazo huusaidia mmea kujikinga na wadudu. Sifa yake kuu ni kushika sukari, na sifa hiyo imewasaidia sana wanasayansi kuchunguza seli za neva.

Inayofahamika zaidi ni konkanavalini A. Mmarekani James Sumner aliipata mwaka 1919 katika mbegu za Canavalia ensiformis, mmea wa jamii ya kunde, na mwaka 1936 yeye na mwenzake Howell wakabaini kuwa inashika sukari.

Utando wa seli ya neva umejaa protini, nyingi zikiwa na minyororo ya sukari upande wa nje. Miongoni mwake kuna kimeng'enya kiitwacho nukleotidesi. Kazi yake ni kuondoa fosfeti kwenye molekuli ya AMP ili ibaki adenosini, kemikali inayotuliza neva na kuleta usingizi. Kahawa hutukesha kwa sababu kafeini huizuia adenosini isifanye kazi yake.

Maabarani, konkanavalini A ikitiwa kwenye utando huo, kasi ya nukleotidesi hushuka. Hata AMP ikiongezwa, kizuizi hakiondoki, maana lektini haigombanii nafasi ya AMP. Imeshika minyororo ya sukari iliyo pembeni, na kwa kuwa ina sehemu 4 za kushikia, inaweza kuzifunga protini kadhaa pamoja. Ikiongezwa sukari aina ya manosi iliyorekebishwa kidogo, lektini huiachia nukleotidesi na kuifuata sukari hiyo. Kimeng'enya hurudia kazi yake.

Kumbe sukari ile si pambo. Anayeishika anaweza kuongoza kazi ya kimeng'enya bila kugusa kiini chake, na hilo ni jambo la kuzingatiwa na kila anayetafuta dawa za mfumo wa neva.

Je, tuogope maharage? La. Katika majaribio hayo lektini hutiwa moja kwa moja kwenye utando, jambo lisilotokea mezani. Hatari halisi ni ya tumbo: maharage mekundu mabichi au yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemshe kwa maji mapya yanayotokota kwa dakika 30 hata kama utamalizia kwa moto mdogo. Moto mdogo pekee hauimalizi lektini.