Okoa gemu zako za zamani kabla betri haijazimika

Msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu, hebu fungua ile droo ya chini ya kabati la televisheni, ile inayotupwa nyaya, rimoti zilizokufa na betri kuukuu. Ikiwa nyumba yenu ilikuwa na vijana kati ya miaka ya 1996 na 2010 hivi, yamkini utakuta humo kijikadi cheusi kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, chenye meno ya shaba upande mmoja. Hiyo ndiyo memori kadi ya PlayStation.

Usiitupe, wala usimpe mtoto mdogo aichezee. Ndani ya kijikadi hicho huenda mmejaa mamia ya saa za maisha ya mtu. Mna ligi ya Winning Eleven iliyochezwa likizo nzima ya Desemba, timu iliyobadilishwa majina mchezaji mmoja mmoja hadi ikawa timu ya mtaa wenu, na magari yaliyonunuliwa kwa jasho la vidole katika Gran Turismo. Wako waliohifadhi hayo kisha wakaenda ng'ambo. Wako pia ambao hawapo tena duniani, ilhali majina yao bado yamo katika orodha ya wafungaji mabao kama walivyoyaandika wenyewe kwa pedi, herufi baada ya herufi.

Mzazi atasema hiyo ni michezo tu. Naam, na picha za harusi ni karatasi tu.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu hizi, ambazo vijana huziita sevu, hazina maisha marefu. Nyingine zimekwisha kupotea wenyewe wakiwa hawana habari. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari katika jambo hili ni kompyuta yako. Lakini ili ujue cha kufanya, yafaa kwanza ujue mashine yako huhifadhi vipi.

Zile mashine za mwanzo zilizoenea mitaani, zile za kuiga Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka wa 1983, aghalabu hazikuhifadhi lolote. Kaseti yake ilijigamba kuwa na gemu elfu kadha wa kadha, kumbe ni zile zile kumi zikirudiwa kwa majina tofauti, na ukizima mashine umeanza upya. Gemu halisi zilijaribu njia nyingine. Metroid, ilipouzwa Marekani mwaka wa 1987, ilimpa mchezaji msimbo wa herufi na tarakimu 24 aunakili kwenye daftari. Ukikosea herufi moja, shughuli imekwisha.

Mwaka huo huo The Legend of Zelda ilifika Marekani katika kaseti yenye betri ndani, na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Memori iliyomo katika kaseti za aina hiyo husahau kila kitu punde tu umeme unapokatika. Kwa hivyo betri ya umbo la sarafu huilisha umeme kidogo sana, usiku na mchana, hata kaseti ikiwa kabatini miaka na mikaka. Siku betri inapokwisha, sevu nazo zimekwenda. Hakuna king'ora wala taa nyekundu. Utawasha gemu siku moja na kuambiwa uanze mchezo mpya.

Kaseti za Pokémon za Game Boy, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1996, ni za aina hii. Toleo la Gold na Silver la mwaka wa 1999 lina shida zaidi kwa sababu ndani yake mna saa inayojua mchana na usiku, na saa hiyo hunywa kutoka kwa betri ile ile. Ukiwa nayo, ijaribu leo. Sega Saturn ya mwaka wa 1994 nayo hutegemea betri ya sarafu iliyo nyuma ya mashine yenyewe.

PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilikuja na dawa tofauti. Memori kadi yake haina betri. Ina nafasi ya kilobaiti 128, iliyogawanywa vyumba 15 vya kuhifadhia. Kwa kulinganisha tu, picha moja uipigayo leo kwa simu ingehitaji kadi kama hizo ishirini au zaidi. Ile ya PlayStation 2, mashine ya mwaka wa 2000 iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ina megabaiti 8. Kukosa betri hakuifanyi kadi kuwa ya milele. Stima ikipotea wakati gemu inaandika, sevu huharibika, na kwa hali ya stima tunayoijua sihitaji kueleza zaidi. Meno ya shaba hushika kutu, hasa pwani ambako hewa ina chumvi. Na zile kadi za kuiga zinazodai kuwa na nafasi mara nane au kumi na sita ya ile ya Sony zina sifa mbaya ya kusahau.

Tuanze na PlayStation 2, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi na ndiyo rahisi zaidi. Ina matundu mawili ya USB mbele ambayo wengi hawakuwahi kuyatumia. Unachohitaji ni flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 na programu ndogo ya bure iitwayo uLaunchELF. Swali ni namna ya kuiwasha programu hiyo. Kama mashine yako ilitiwa chipu, na nyingi za mitaani zilitiwa, unaweza kuichoma programu kwenye sidii. Kama haikutiwa, tafuta memori kadi yenye Free McBoot, programu iliyotolewa na wapenzi wa mashine hii mwaka wa 2008, ambayo huamka yenyewe mashine inapowashwa. PlayStation 2 za mwisho mwisho, zile nyembamba ambazo namba yake huanza na SCPH-90, nyingi huikataa. Tazama kibandiko kilicho chini ya mashine kabla hujagharimika.

Ukishaifungua programu, utaona orodha. Mc0 ni kadi ya tundu la kwanza, mc1 ni ya tundu la pili, na mass ni flashi yako. Ingia kwenye kadi, chagua folda ya gemu unayoitaka, bonyeza R1 upate menyu, nakili, kisha nenda kwenye flashi na uchague psuPaste. Sevu nzima itafungwa katika faili moja ambayo kompyuta inaweza kuihifadhi na ambayo baadaye utairudisha kwa njia hiyo hiyo.

Usishangae majina ya folda hizo. Zinazoanza na BA ni za gemu za Marekani, BE ni za Ulaya, na BI ni za Japani. Hapa kwetu sidii zilikuja kutoka kila pembe ya dunia, na ndiyo maana kijana alinunua Winning Eleven nyingine, ikakataa kabisa kuiona ligi yake ya zamani. Ligi haikupotea. Gemu ya Ulaya haiisomi sevu ya Japani, basi. Huenda bado imo humo ikimsubiri mwenyewe.

Kwa PlayStation ya kwanza kazi ni kubwa kidogo, kwani mashine yenyewe haina USB. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya InterAct iliuza kifaa kilichoitwa DexDrive kilichosoma kadi hizi, lakini kilitumia tundu la siriali ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Sony yenyewe ilitoa kisomeo cha USB kwa ajili ya PlayStation 3. Kilikusudiwa mashine hiyo, lakini wajuzi wakakiandikia programu za kukitumia kwenye kompyuta. Ukikipata kwa bei nafuu, kichukue.

Njia inayonivutia zaidi, na ambayo ningependa mwanafunzi wa sayansi aijaribu wakati wa likizo, ni ya kujiundia. Kwa bodi ndogo ya Arduino, nyaya chache, na tundu la kadi lililotolewa katika PlayStation iliyokufa, unaweza kuunda kisomeo chako. Programu ya kutia kwenye bodi huitwa MemCARDuino, na ya upande wa kompyuta huitwa MemcardRex. Zote ni za bure. Mashine zilizokufa hazikosekani kwa mafundi, iwe ni Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwa fundi wa redio wa mtaani kwenu. Fuata mchoro wa nyaya kwa makini, na uanze na kadi usiyoijali. Siku MemcardRex itakapokuonyesha vile vyumba 15 pamoja na vipicha vya kila gemu, utaelewa kwa nini nimeitaja njia hii kwa mapenzi.

Sasa turudi kwa kaseti zenye betri, maana hapa ndipo watu hupotezea mali yao kwa haraka. Mtu huambiwa betri imezeeka, naye humpelekea fundi aibadilishe. Fundi huitoa ya zamani, na papo hapo kila kilichokuwamo kimefutika, kabla hata betri mpya haijagusa bodi. Utaratibu ni mmoja: nakili kwanza, badilisha betri baadaye, kisha rudisha sevu. Kwa kaseti za Game Boy kuna kifaa kiitwacho GBxCart RW ambacho huunganishwa kwa USB na kutumiwa pamoja na programu ya bure iitwayo FlashGBX. Kaseti ya Pokémon Red ina kilobaiti 32 tu za sevu, kwa hivyo kazi yote ni ya sekunde chache. Fundi wako atumie betri iliyokwisha kuwekwa vibati vya kuunganishia. Kuilehemu betri yenyewe kwa moto ni kuialika ipasuke. Namba ya betri inayofaa imechapwa kwenye ile ya zamani.

Kabla ya kunakili chochote, safisha meno ya shaba kwa pamba na spiriti safi. Tabia ya kuyapuliza kwa mdomo, ambayo kizazi kizima kiliiamini kama dawa, huongeza unyevu na kuleta kutu. Kisha isome kadi mara mbili na uzilinganishe faili mbili ulizopata. Zikitofautiana, mguso si mzuri, safisha tena. Nakala nzima ya kadi ya PlayStation ya kwanza ni baiti 131,072 kamili. Ikipungua, usiiamini. Jaribio la mwisho ni kuifungua katika programu inayoiga mashine hizo kwenye kompyuta, kama DuckStation kwa PlayStation ya kwanza, PCSX2 kwa ile ya pili, au mGBA kwa Game Boy. Ukiiona ligi yako ikifunguka, umefaulu.

Hapa pana jambo la sheria. Sevu ni kazi ya mikono yako, inakili utakavyo. Gemu yenyewe ni mali ya aliyeitunga, na Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 2001. Usiwaambie watu kwamba gazeti limekuruhusu kugawa sidii.

Faili hizi ni ndogo mno hivi kwamba hakuna sababu ya kuweka nakala moja tu. Weka kwenye kompyuta, kwenye flashi, na ujitumie nyingine kwa barua-pepe. Ipe kila faili jina la gemu, mwaka, na jina la mwenyewe. Hili la mwisho ni muhimu mahali ambapo ndugu watatu walitumia kadi moja, maana hakuna atakayekumbuka baada ya miaka kumi ni ligi ipi ilikuwa ya nani.

Na ukinunua memori kadi ya mitumba, ifungue kabla hujaifuta. Mara nyingi huwa imejaa. Utakuta timu ya mtu usiyemjua, imecheza msimu nusu, mechi inayofuata ikisubiri kubonyezwa.