Unyevu wa Kuta za Zamani na Afya ya Vifua Vyetu

Mwezi huu tuziangalie kuta za nyumba zetu. Nchini Tanzania tunazo misheni na monasteri za siku nyingi: Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868, Peramiho 1898 na Ndanda 1906. Katika nyumba za zamani hulala watawa wazee, wagonjwa na wanafunzi wa bweni. Pengine mtu hukohoa kila masika, tukampa dawa, kumbe ukuta ulio karibu na kitanda chake umelowa. Dawa ikiisha, kikohozi kinarudi.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoeleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu (kuvu) hupatwa zaidi na kikohozi, pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Mbegu za ukungu ni ndogo mno. Huelea hewani, nasi tunazivuta bila kujua.

Maji yanatoka wapi? Tutazame doa. Likiwa chini ya ukuta, maji yanapanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Likiwa juu, paa linavuja au mfereji wa bati umeziba. Ukungu mweusi pembeni au nyuma ya kabati huonyesha kuwa hewa haipiti.

Tufanye nini?

1. Kabla ya mvua tusafishe mifereji ya paa. Maji yaliyotuama humo huzalisha pia mbu.

2. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Ardhi iteremke kutoka kwenye msingi, kama sentimita 5 kwa kila mita, na mtaro upeleke maji mbali. Tusimwagilie maua yaliyopandwa kandokando ya ukuta.

3. Tusikimbilie saruji. Wazee wetu walijenga kwa chokaa, na ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa tena polepole. Ukipakwa saruji au rangi ya mafuta, maji hufungiwa ndani, hupanda juu zaidi, na chumvi yake hubomoa matofali. Plasta na itengenezwe kwa chokaa, lakini baada ya kuzuia maji kwanza.

4. Jua likitoka, tufungue madirisha ya pande mbili ili upepo upite. Matundu ya juu yaliyozibwa yazibuliwe, na makabati yasogezwe kidogo kutoka ukutani. Hewa inayopita hupunguza pia hatari ya kuambukizana kifua kikuu.

5. Ukungu mdogo tuusugue kwa maji na sabuni, tukiwa tumefunika pua na mdomo, kisha tupakaushe kabisa. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Godoro lililoota ukungu litupwe.

Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, au anayebanwa kifua, aende zahanati apimwe. Tusiseme ni ukuta tu, wala tusiseme ni kifua tu. Mgonjwa atibiwe, na chumba chake kikaushwe. Wakati huo ahamishiwe chumba kikavu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipozibua mfereji, utauguza kifua. Basi kabla mvua hazijaanza, tuizunguke nyumba yetu mara moja, tukitazama juu na chini.