NG'OMBE YUPI HULETA FAIDA?

Ukimwuliza mkulima ni ng'ombe yupi aliye bora zizini mwake, mara moja atakuonyesha yule ajazaye ndoo. Lakini ndoo kujaa si faida. Faida ni fedha zinazobaki baada ya kulipia chakula, dawa na gharama nyingine.

Wakulima wa skimu wanalijua jambo hili tangu zamani. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wengi walipokea shamba pamoja na deni, na deni halilipwi kwa sifa za ng'ombe. Siku hizi iko njia nyepesi ya kufanya hesabu hiyo, nayo ni jedwali la kompyuta, liitwalo lahajedwali. Hata simu janja yaweza kulitumia.

Asili yake ni Marekani. Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara huko Harvard, alimwona mwalimu wake akifuta na kuandika upya hesabu ubaoni kwa sababu ya kosa moja. Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu iliyobadilisha hesabu zote yenyewe mara tarakimu moja ilipobadilishwa.

Jinsi ya Kuanza

Jedwali lina safu za kusimama zenye herufi, na mistari ya kulala yenye namba. Katika mstari wa kwanza andika vichwa hivi: A, jina la ng'ombe, B, lita za mwezi, C, bei ya lita, D, chakula cha gunia, E, nyasi, F, dawa, G, kilichobaki. Katika mstari wa pili jaza habari za ng'ombe wa kwanza. Kisha katika G2 andika =B2*C2-D2-E2-F2. Jibu litatokea hapo hapo.

Tuseme Malkia hutoa lita 14 kwa siku, na Baraka lita 10. Mwezi huu wa siku 30 Malkia aliugua kiwele, na maziwa yake ya siku 5 yakamwagwa kwa sababu ya dawa. Basi zilibaki lita 350. Bei ni shilingi 45. Chakula chake cha gunia ni shilingi 8,400, nyasi 1,500 na dawa 2,400. Kilichobaki ni shilingi 3,450.

Baraka alitoa lita 300. Chakula chake ni shilingi 3,600, nyasi 1,500, wala hakutibiwa. Kilichobaki ni shilingi 8,400. Je, bado Malkia ndiye bora?

Sasa badili bei iwe shilingi 40. Malkia atabakiza shilingi 1,700 tu, na Baraka 6,900. Hivyo waweza kujua mapema kama utaweza kulipa karo bei ya maziwa ikishuka.

Mambo ya Kuangalia

Kwanza, andika tarakimu peke yake. Ukiandika "lita 350" katika kijumba kimoja, jedwali halitaihesabu kuwa namba, na jumla yako itakuwa ya uongo.

Pili, hesabu na maziwa yaliyonywewa nyumbani. Hayo pia ni mali ya ng'ombe.

Tatu, usimwuze ng'ombe kwa hesabu ya mwezi mmoja. Ngoja uone hesabu yake tangu kuzaa hata kukauka. Huenda Malkia hana kosa. Labda kosa ni la uchafu wa banda, au la chakula kinachozidi maziwa yake. Mwite Bwana Mifugo, mkaliangalie jedwali pamoja.

Mwisho, usitupe daftari. Kila ukamapo andika lita hapo hapo bandani, na Jumapili jioni uzihamishe katika jedwali. Kompyuta haijui ulichosahau. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.